Mgambo na Haki ya Kuchukua Silaha Katika Marekani

Somo letu la leo ni la neno moja tu, nalo ni "mgambo". Wazee wetu husema: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ilipopigwa, watu wa mji waliacha kazi zao wakaja. Ishike picha hiyo, maana itakusaidia kufahamu sheria moja ya Marekani inayobishaniwa hata leo.

Mwaka 1791 Wamarekani waliongeza vifungu kumi katika Katiba yao. Kifungu cha pili ni sentensi moja. Kwanza chasema kwamba mgambo uliopangwa vizuri ni wa lazima kwa usalama wa nchi huru. Kisha chasema kwamba haki ya watu kuwa na silaha na kuzichukua isivunjwe.

Je, wanamgambo hao walikuwa nani? Usifikiri ni askari wa mshahara akaaye kambini. Walikuwa wakulima, mafundi na wenye maduka. Sheria ya mwaka 1792 iliagiza kila raia mwanamume, mweupe, huru na mwenye nguvu, tangu miaka 18 mpaka chini ya 45, aandikwe katika mgambo, tena ajipatie mwenyewe bunduki, singe na risasi. Kwa nini? Kwa sababu wengi waliogopa jeshi la kudumu. Walikumbuka tarehe 19 Aprili 1775, askari wa Mfalme wa Uingereza walipotoka Boston kwenda Concord kutwaa silaha za mgambo. Siku hiyo vita vya uhuru vilianza.

Lakini liangalie neno "mweupe". Mtu mweusi aliachwa nje, na katika majimbo ya kusini mgambo huo huo ulitumika kuwazuia watumwa wasiasi. Basi usomapo "haki ya watu", uliza: watu gani?

Baadaye mambo yaligeuka. Kwa sheria ya mwaka 1903, mgambo wa majimbo ulianza kupangwa upya kuwa jeshi la akiba, liitwalo National Guard, lenye kupewa silaha na serikali. Mgambo wa kale ulitoweka, ila maneno ya Katiba yalibaki. Hapo ndipo penye fundo. Je, haki ile ilikwenda na mgambo, ama imebaki kwa kila mtu? Mwaka 2008 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Heller, kwamba mtu ana haki ya kuweka bunduki nyumbani ajilinde, hata kama si mwanamgambo. Majaji 5 walikubali. Majaji 4 walikataa, wakisema haki hiyo ilifungamana na mgambo. Jaji mmoja tu angaligeuka, serikali ingaliweza kumzuia mtu huyo.

Kabla ya somo lijalo, chukua sheria moja ya zamani ya kwenu. Chagua neno moja ndani yake, uwaulize wazee lilikuwa na maana gani siku lilipoandikwa. Kwaheri.