Vifaranga Badala ya Sheria: Samoni wa Mto Columbia

Mwaka 1875 Spencer Baird, kamishna wa samaki wa serikali ya Marekani, alitoa ushauri kuhusu samoni wa Mto Columbia, ambako viwanda vya kusindika samaki katika makopo vilikuwa vimeanza kazi tangu 1866. Alitaja maadui watatu wa samaki hao, na hakukosea hata mmoja: uvuvi uliopita kiasi, mabwawa, na kuharibiwa kwa mito. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa nyingine kabisa. Watu wasihangaike na sheria ngumu kutekeleza, alisema, watotoleshe vifaranga kwa wingi na samaki watakuwa tele. Miaka miwili baadaye Livingston Stone, mtaalamu wa kutotolesha samaki, alijenga kituo cha kutotoleshea kwenye Mto Clackamas, kwa fedha za wenye viwanda wenyewe. Tangu hapo, naona, kituo cha vifaranga kilikuwa kibali cha kuendelea kuubomoa mto. Mwaka 1938 bwawa la Bonneville lilianza kazi kwenye Mto Columbia, na mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha Sheria ya Mitchell iliyokuja kugharimia vituo vingi vya vifaranga. Bwawa la Grand Coulee likafuata, bila hata ngazi ya kupandia samaki.

Ingekuwa kibali hicho hakina madhara kwa samaki wenyewe, tungelalamikia siasa tu. Lakini tazama kinachofanyika kituoni. Jike hupasuliwa tumbo, mayai yakamiminikia ndooni, mbegu za dume zikakamuliwa juu yake na kukorogwa. Vifaranga hulelewa katika mifereji ya zege na kurushiwa chakula cha punje kutoka juu, hata kivuli kikipita juu ya maji wanakikimbilia wakidhani ni mlo. Mtoni kivuli hicho ni cha ndege anayewinda. Wengi ambao mto ungewaua wachanga huishi, hukua, na baadaye hupandana na samaki wa asili. Kwenye Mto Hood huko Oregon, watafiti walitumia vinasaba kufuatilia koo za trauti wa baharini waitwao steelhead. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha kwamba kila kizazi kinacholelewa kituoni hupunguza uwezo wa samaki kuacha watoto mtoni kwa takriban asilimia 40. Madhara mengine hayahitaji hata kupandana, yanatokana na kugombea nafasi na chakula. Montana walipoacha kupandikiza trauti katika sehemu ya Mto Madison, trauti wakubwa wa asili waliongezeka zaidi ya maradufu ndani ya miaka michache, na kuanzia 1974 jimbo hilo likaacha kupandikiza kwenye mito yenye trauti wanaojizalisha wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba bila vituo baadhi ya koo zingekwisha kabisa. Ni kweli. Mwaka 1992 samoni mwekundu mmoja tu, dume, ndiye aliyerudi Ziwa Redfish, Idaho, na ukoo wake uko hai leo kwa sababu ya kulelewa kituoni. Tena utafiti wa Johnson Creek, Idaho, ulionyesha kwamba wazazi wakichukuliwa kila mara kutoka kwa samaki wa asili wa mto uleule, madhara yanaweza kuwa madogo sana. Ila hizo ni kazi za uokoaji, zenye ukoo mmoja na mto mmoja. Haziwezi kutetea desturi ya kumwaga mamilioni ya vifaranga kila mwaka na kuhesabu waliotoka badala ya waliorudi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa Wayakama, Wanez Perce na makabila mengine ya wenyeji wa asili ambayo mikataba ya 1855 iliwahakikishia haki ya kuvua. Kwao kufunga vituo leo ni kunyang'anywa mara ya pili, kwani bwawa la The Dalles lilikwisha kuyazamisha maporomoko yao ya kuvulia ya Celilo mwaka 1957. Wana haki ya kudai samaki, na vituo wanavyoviendesha wao wenyewe ili kurudisha samoni katika vijito vya juu visiguswe. Ila wasitajwe kama ngao ya mpango mzima, kwa kuwa vituo vingi vya Sheria ya Mitchell vilijengwa upande wa chini wa mto, mbali na maeneo yao ya kuvulia, na samaki wake waliwanufaisha kwanza wavuvi wa biashara.