Cholmondeley: Herufi Kumi na Mbili, Silabi Mbili

Miongoni mwa majina ya ukoo ya Waingereza, Cholmondeley ni mojawapo ya yale yanayomtega msomaji. Limeandikwa kwa herufi kumi na mbili, lakini Mwingereza hulitamka kwa silabi mbili tu: kwa sauti zetu, Cham-li.

Chimbuko lake ni kijiji cha Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ambacho kimo katika Domesday Book, daftari la ardhi na mali la mwaka 1086. Katika Kiingereza cha kale, Ceolmund lilikuwa jina la mtu, na leah ni mahali peupe palipofyekwa mwituni. Basi Cholmondeley ni uwazi wa Ceolmund. Waliopamiliki mahali hapo wakaitwa kwa jina lake.

Afrika Mashariki imekutana na jina hili bila wengi kulitambua. Mlowezi mashuhuri wa Kenya, Hugh Cholmondeley (1870–1931), alijulikana zaidi kwa cheo chake, Lord Delamere. Barabara ya Nairobi iliyobeba cheo hicho leo ni Kenyatta Avenue.

Ni nini kilichozila silabi? Kiingereza hukaza silabi moja ya neno, na zile zisizokazwa hufifia kadiri vizazi vinavyopita. Ulimi ukasonga mbele, kalamu ikabaki nyuma. Wapo walioamua kuandika walivyosikia, ndiyo maana zipo pia koo za Cholmley na Chumley.

Nilipofundisha fonolojia katika chuo cha ualimu, nililiweka jina hili ubaoni kando ya neno letu mtu. Ndugu zetu wengi wa Kibantu wangali wanasema muntu. Sisi tumeiangusha irabu, na tahajia yetu imekubali. Hata hivyo, mtunzi akihesabu m-tu, anapata mizani mbili. Kiswahili kimepoteza herufi kikahifadhi mizani. Kiingereza kimepoteza mizani kikahifadhi herufi.

Tusijione bora kwa hilo. Tahajia ya Kiingereza humwaibisha mgeni, kwani asiyefundishwa na wenyewe hujulikana mara tu afunguapo kinywa. Lakini herufi hizo zilizonyamaza ndizo zinazomhifadhi Ceolmund na uwazi wake. Aandikaye Chumley amerahisisha kusoma, na papo hapo amemfukia mzee wa ukoo.

Kwa mtunzi, swali si dogo. Akitaka kuliingiza jina hili katika kipande cha mizani nane, ahesabu nini? Mimi nashikilia kwamba mizani ni mali ya sikio. Kwetu litakuwa cha-m-li, mizani tatu, maana m yetu hujitegemea kama ilivyo katika mlango. Abakize tahajia ya wenyewe akipenda, ila karibu yake aoneshe matamshi, ili msomaji asijikwae na kumlaumu mtunzi kwa guni ambalo hakulitenda.