Ngome ya Mombasa na Ushahidi wa Mji

Mgeni aingiaye Mji wa Kale wa Mombasa huanzia Ngomeni, mahali ambapo Wareno walipaita Fort Jesus, na mara nyingi humalizia papo hapo. Wala si ajabu, kwani hakuna jengo jingine mjini humo lililogombewa na wengi kiasi hicho. Wareno walianza kuijenga Ngome mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Omani waliitwaa Desemba 1698, baada ya kuizingira miaka miwili na miezi tisa. Baadaye Wamazrui walitawala humo hata mwaka 1837, walipopokonywa na Seyyid Said bin Sultan. Tangu mwaka 1895 hadi 1958 ilikuwa gereza la Waingereza. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaitia katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Yafaa kuuliza makumbusho hayo humkumbusha mtazamaji habari za nani. Juu ya lango lipo jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka 1639, yanayomsifu jemadari Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuwatiisha watu wa pwani walioasi, na kumwita mfalme wao mdhalimu. Mfalme huyo ni Yusuf bin Hasan. Baba yake aliuawa kwa njama ya Wareno. Yeye mwenyewe alilelewa Goa akabatizwa Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa kutawala chini yao. Mwaka 1631 aliingia Ngomeni, akawaua Wareno, akarejea katika dini ya wazee wake. Mambo hayo ya kwanza, ambayo ndiyo asili ya uasi, jiwe halikuyataja. Alisomaye peke yake amemsikia mshitaki, wala hakumsikia mshitakiwa.

Ni kweli kwamba ndani ya kuta zile zile wapo mashahidi wengine. Ukumbi wa Wamazrui una maandishi ya Kiarabu, na katika vyumba vya maonyesho vimewekwa vitu vilivyoopolewa kutoka katika Santo António de Tanná, jahazi la Kireno lililozama mbele ya Ngome mwaka 1697. Lakini hao nao ni mashahidi wa watawala na askari wao.

Ushahidi wa wenyeji umekaa zaidi katika maneno kuliko katika mawe. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa zama za Wamazrui na kufariki mwaka 1840, alitunga mashairi juu ya vita na siasa za mji wake. Yakahifadhiwa vichwani mwa watu hata Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipoyakusanya, nayo yakapigwa chapa mwaka 1940. Vivyo hivyo, Muhammad bin Abdallah, yaani Al-Akida, alipomwasi Seyyid Barghash na manowari za Waingereza zikaipiga Ngome kwa mizinga mwaka 1875, kisa hicho kilitungiwa utenzi na Abdallah bin Masud Mazrui. Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani, aliutoa katika kitabu mwaka 1950.

Hata majina ya njia ni ushahidi. Atokaye Ngomeni kuingia mjini huikuta Ndia Kuu, na jina hilo limehifadhi Kimvita, kisemacho ndia pale Kiunguja kisemapo njia. Ipo pia barabara yenye jina la Mbarak Hinawy, na msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida husemwa kuwa ulijengwa yapata mwaka 1570, yaani kabla ya Ngome yenyewe. Msikiti huo haukuhitaji kufanywa makumbusho, kwa kuwa watu hawakuacha kusali humo.

Basi mgeni atakaye historia ya Mombasa na aitazame Ngome vizuri, kisha atoke langoni aingie mitaani. Na mwalimu ampelekaye mwanafunzi kulisoma jiwe la mwaka 1639 yampasa amchukulie pia diwani ya Muyaka. Ngome ilijengwa ili kuutawala mji. Haifai kuachiwa iusimulie peke yake.