Mbung'o Wawili wa Shinyanga

Kwa mchungaji wa Shinyanga, mbung'o alikuwa mbung'o tu: mnyonya damu wa vichakani, aletaye nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Wataalamu walibagua jamaa hii kwa aina, na mwaka 1923 aina moja ikapewa jina la Swynnerton, aliyekuja kuongoza utafiti wa mbung'o Shinyanga mpaka ajali ya ndege ilipomwua mwaka 1938. Huenda msomaji akadhani ubaguzi huo ulikuwa mchezo wa wasomi. Haukuwa mchezo.

Mbung'o wa Swynnerton alistahimili ukame wa vichaka vya miiba. Ndugu yake, morsitans, alipendelea miombo, kama ile ya upande wa Geita. Kwa macho hutambui tofauti yao, na wala wenyewe hawakubaguana vema, maana walipandana ovyo. Vanderplank, mtafiti wa Shinyanga, aligundua kuwa uzao wa mchanganyiko huo ni haba, tena una utasa. Jike aliyepandwa na dume wa aina ya pili alikuwa amepoteza kizazi chake.

Basi katika miaka ya 1940 alipeleka zaidi ya pupa 100,000 za morsitans katika pori lililojitenga, la maili 10 hivi za mraba. Wenyeji wa pori wakatoweka karibu wote. Wageni nao, waliokosa maumbile ya kuhimili kiangazi, wakafa. Watu wakaingia, wakafyeka, wakalima.