Gharama ya Kusema Kweli: Kipindupindu na Samaki wa Ziwa Victoria

Tunapoandika historia ya magonjwa ya mlipuko, kwa kawaida tunahesabu makaburi. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Nchi maskini hulipia ugonjwa mara mbili: kwanza hospitalini, kisha sokoni. Mfano ninaowapa wanafunzi wangu ni wa samaki wa Ziwa Victoria.

Mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka 1997 zilifurisha vyoo na visima katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na kipindupindu kikaenea. Mwezi Desemba, Umoja wa Ulaya uliamua kuzuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari ya kipindupindu kusafiri ndani ya chakula cha biashara ya kimataifa ni ndogo, na vimelea vyake hufa samaki anapopikwa. Hata hivyo, zuio lilidumu hadi katikati ya mwaka 1998.

Tujiulize ni nani aliyelipa. Minofu ya sangara ilitegemea sana soko la Ulaya. Viwanda vya kando ya ziwa vilipopunguza kazi, kibarua wa kukata minofu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Akafuata mvuvi, ambaye hana mshahara bali mgawo wa mauzo. Bei ya ufukweni ikishuka, mgawo wake hushuka siku hiyohiyo, ilhali deni la nyavu linabaki palepale. Serikali nazo zilikosa fedha za kigeni wakati uleule zilipozihitaji kwa ajili ya dawa.

Hata hivyo, tusiishie kuilaumu Ulaya. Katika miaka iliyofuata, mamlaka na wenye viwanda waliwekeza katika maabara, barafu na usafi ili kutimiza masharti ya mnunuzi. Lilikuwa jambo jema, lakini linatufichulia aibu yetu: afya ya mlaji wa mbali ilikuwa na mtetezi mwenye nguvu, yaani soko, afya ya mwanakijiji anayechota maji ziwani haikuwa na mtetezi wa kiasi hicho. Kipindupindu kimerudi mara kadhaa katika vijiji hivyo.

Lipo na somo la pili. Kanuni za Afya za Kimataifa za wakati ule ziliitaka kila nchi itoe taarifa za magonjwa matatu: kipindupindu, tauni na homa ya manjano. Aliyetii aliadhibiwa. Novemba 2021, Afrika Kusini ilitoa taarifa ya kirusi cha Omikroni, na baada ya siku chache tu nchi nyingi zikawafungia milango wasafiri wake. Mwenendo huu huwafundisha watawala kunyamaza. Tanzania nayo iliacha kutangaza takwimu za Uviko-19 mwaka 2020. Siutetei ukimya huo, kwani wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini naona ni unafiki kudai ukweli kutoka kwa mtu unayemnyang'anya riziki kila anaposema.

Kwa hiyo, watumishi wa umma wanaokwenda kujadili kanuni hizi mezani wadai mambo mawili: fidia kwa nchi inayotoa taarifa mapema, na maji salama vijijini kabla ya mvua nyingine.