Cheti cha Bastola Mjini New York

Huenda ukadhani, ewe msomaji, kwamba kila Mmarekani hununua bastola kama anunuavyo chumvi. Katika jimbo la New York sivyo. Agosti 1910 Meya William Gaynor alipigwa risasi merikebuni. Hakufa, ila risasi ilibaki kooni mwake. (Tena yalitendeka Hoboken, ng'ambo ya mto, katika jimbo jingine!) Januari 1911 mwandishi David Graham Phillips akauawa mjini. Ndipo mwaka huo ikapita sheria ya Seneta Timothy Sullivan: asiye na cheti asiwe na bastola ya kufichika.

Mwaka 1913 likaja sharti jingine kwa atakaye kuichukua njiani: aonyeshe sababu ya kutosha. Hapo ndipo penye uzito. Je, ni nani aipimaye sababu? Ni yule yule mwenye kutoa cheti. Na mchuuzi aliyehofu wezi kama watu wote aliambiwa hofu hiyo haitoshi. Mahakama Kuu ya Marekani ililitangua sharti hilo Juni 2022. Cheti chenyewe hakikuondoka: mwaka huo huo jimbo likamtaka mwombaji ahudhurie mafunzo ya saa 18, mbili kati yake za kulenga shabaha, na alete wadhamini wanne wa tabia yake.