Wasiwasi wa mama na hofu ya mtoto mdogo

Mwaka 1985, wanasaikolojia wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watoto wa mwaka mmoja. Kila mtoto aliwekwa juu ya meza yenye kioo, ambayo chini yake palionekana kama pana shimo, na mama yake akasimama upande wa pili. Mama walipotabasamu, watoto 14 kati ya 19 walitambaa wakavuka. Mama walipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja.

Mtoto asiyejua kusema huisoma hatari katika uso wa anayemlea. Hofu ya kupita humkinga. Shida huanza pale uso huo unapokuwa na wasiwasi siku zote, kwa sababu ya kodi ya nyumba, ugomvi wa ndoa, maradhi au vita. Mtoto hung'ang'ania nguo ya mama, hushtuka usingizini, hulalamika tumbo pasipo ugonjwa, au hukataa kubaki na mtu mwingine.

Urithi wa damu una sehemu yake, lakini maisha ya nyumbani yana uzito wa peke yake. Aidha, mtoto mwenye woga humchosha mama, naye mama aliyechoka huzidi kumtia mtoto woga. Kumlaumu mama peke yake ni kukosa haki, kwani mara nyingi chanzo cha dhiki yake kiko nje ya uwezo wake.

Wilayani Lira, kaskazini mwa Uganda, eneo lililoathiriwa na vita vya waasi wa LRA, wazazi wa watoto wa miezi 12 hadi 36 walikutanishwa katika vikao 12 vilivyoongozwa na wanajamii wenzao. Humo walijifunza lishe, usafi na kucheza na mtoto, na pia heshima na upendo baina ya mume na mke. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa dalili za sonona zilipungua kwa akina mama, na watoto wao waliwashinda wenzao katika vipimo vya akili na vya kuelewa lugha, ijapokuwa hawakuwazidi kwa kimo.

Mtoto ambaye woga wake unadumu kwa wiki kadhaa na kumzuia kula, kulala au kucheza apelekwe kwa mhudumu wa afya. Siku hiyo hiyo, mama naye aulizwe hali yake.